Mtandio Mbele ya Maikrofoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituo cha redio, hapa Moshi mjini, nimevaa mtandio wa pamba ambao mama aliupiga pasi mara mbili. Fundi Mkuu, mzee wa Mwika ambaye hakukosa ndizi mbivu kwenye mfuko wa koti, aliitikia shikamoo yangu, akanipa hedifoni. Nikabaki nimezishika, sijui nifanye nini. Akacheka.

"Zivae juu ya mtandio, binti. Masikio yako yapo palepale Mungu alipoyaweka."

Nikazivaa hivyo mpaka nilipostaafu.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, nawaomba mshike jambo moja. Sikio la binadamu lina adabu: humsikiliza anayesema na kuisamehe feni inayolia pembeni. Maikrofoni haisamehi kitu. Kazi ya fundi mitambo ni kusikia kama maikrofoni inavyosikia. Fundi Mkuu alikuwa akituambia, "Sauti mbaya haifukuzwi. Inatafutiwa nyumbani kwao."

Miaka ya mwanzo nilibeba nyaya. Nilipandishwa milimani kurekodi kwaya, nikajifunza kutundika mablanketi ukutani ili mwangwi ufe, na akina mama wa huko hawakuniruhusu kushuka bila mkungu wa ndizi. Baadaye nikakalishwa kwenye miksa, meza yenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti. Nilikuwa hapo siku aliyokuja Zuhura.

Zuhura alikuwa fundi cherehani wa Njoro. Kipindi cha vijana kilitafuta wimbo wa kukifungua kila siku, na wa kwake ulikuwa umependwa. Ilibaki kuurekodi asubuhi ile. Mtaani walishamwambia kwamba hijabu na bongofleva havikai chungu kimoja. Yeye akatunga wimbo kuhusu hilohilo.

Akaimba mara ya kwanza. Fundi Mkuu akainua kichwa. "Kuna mtu anatembea kwenye majani makavu ya migomba."

Mimi sikusikia kitu. Hapo ndipo kosa langu. Hedifoni zangu zilisugua mtandio wangu kila nilipogeuka, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeuzoea mkwaruzo ule, masikio yakaacha kuuhesabu.

Meneja wa Vipindi, aliyesimama nasi upande huu wa kioo, akabonyeza kitufe cha kuongea na chumba cha kurekodia. "Dada, vua hicho kitambaa dakika tano tu. Hii ni redio, nani atakuona?"

"Utaniona wewe, kaka. Hiki ni kioo, si ukuta."

"Basi nenda kaimbe kaswida."

"Kaswida naimba Ijumaa. Leo Jumanne."

Fundi Mkuu akaficha kicheko kwenye kikohozi. Meneja hakucheka. "Nusu saa. Ikishindikana, anaingia msanii aliyeko nje."

Zuhura akashusha sauti. "Wimbo wenyewe unasema huu ni mtandio wangu. Nikiuvua ili niuimbe, nitakuwa naimba nini?"

Fundi Mkuu akanigeukia. "Haya. Nyumbani kwao ni wapi?"

Nikaingia ndani, nikaushika mtandio wake. Satini ya Idi, yenye shanga pindoni na pini tatu. Akitikisa kichwa, inachakacha. "Mwanangu, kwa nini huu?"

"Shangazi, ningevaa upi? Siku ya kurekodi inakuja kila wiki?"

Hata mimi ningevaa huohuo. Tukaingia stoo, tukafunga mlango, tukabadilishana. Wangu ulikuwa pamba iliyofuliwa mpaka ikalegea kama nepi. Nikamkazia kofia ya ndani, ncha nikazichomeka chini ya gauni, pini nikaziondoa zote shingoni. Nikatoka na shanga zake kichwani.

"Mae!" Fundi Mkuu akashangaa kwa Kichaga. "Bibi harusi amekuja kurekodi!"

Lakini sasa satini ilikuwa inachakacha masikioni mwangu, nisijue mkwaruzo upi ni wangu na upi ni wa maikrofoni. Kwa mara ya kwanza nilivua hedifoni kazini. Nikafungua spika za ukutani, nikatazama taa za kipimo, zile zinazopanda kila maikrofoni inaposikia kitu.

"Zuhura, usiimbe. Geuka kulia. Kushoto. Inama."

Taa hazikupanda. Spika zilikuwa kimya.

"Imba."

*Huu ni mtandio wangu, nimeuchagua mwenyewe,*
*nisikilize kwanza, ndipo uniangalie.*

Aliimba mara moja tu. Alipomaliza, Fundi Mkuu alichomoa ndizi mfukoni. Akaimenya, akaikata katikati, akampa Meneja nusu. Meneja akaipokea. "Msanii anayesubiri nje mwambieni aje wiki ijayo," akasema.

Wimbo ule ulifungua kipindi kila siku. Niliusikia saluni, niliusikia kwa wanaopandikiza mpunga Mabogini. Mabinti wakaanza kuja, wengine na mama zao, na Meneja yuleyule akawa anawauliza mlangoni, "Umevaa pamba?" Mtandio wangu haukurudi nyumbani tena, ulitundikwa kwenye msumari wa stoo, na aliyekuja na satini alibadilisha. Nilipotaka kumrudishia Zuhura wa kwake, alikataa. "Tumeshabadilishana, Shangazi."

Nimestaafu nikiwa nimefundisha mabinti kadhaa kukaa kwenye miksa. Wasikilizeni watu, wanangu, hata wale wanaokuja na kelele zao. Tafuteni kelele inatoka wapi kabla ya kumwambia mtu ajipunguze.

Siku ya kuniaga niliuvaa mtandio ule wa satini. Zuhura aliimba, kisha nikapewa maikrofoni niseme machache. Nilipofungua tu mdomo, spika zikajaa majani makavu. Binti aliyeshika miksa, hedifoni juu ya hijabu yake, akanyoosha mkono.

"Shangazi, mtandio wako unaongea kuliko wewe!"

Ukumbi mzima ukacheka. Fundi Mkuu, aliyestaafu zamani na sasa anatembelea mkongojo, akasema kutoka kiti cha mbele, "Leo uache uongee."

Nikauacha.