Niliandika "Iko Wazi"

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu, msimtafute mwingine. Nilikuwa na kiburi cha diploma moja tu, na kiburi hicho kimenigharimu shangazi yangu!

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa natengeneza programu za kompyuta katika ofisi moja hapa Rumonge, iliyokuwa ikitafuta watoto waliopoteana na wazazi wao. Mimi na Emelyne, fundi mwenzangu, tulikuwa na desturi: hakuna kipande cha programu kinachoingia kazini kabla mwenzako hajakisoma.

Nikaandika kipande kipya, kizuri ajabu. Unakipa jina la mtoto, kinakujibu kwa namba. Moja: yupo. Mbili: hayupo. Sifuri: kuna kambi ambayo majina yake hayajafika kwa sababu mapigano yamefunga barabara, kwa hiyo uliza tena baadaye. Uzuri wote huo ulikuwa kichwani mwangu tu!

Emelyne akasoma, akauliza, "Hii sifuri inataka kusema nini? Andika hapo juu, nijue namna ya kuitumia."

"Iko wazi. Muntu mwenye kusoma programu anaona."

"Mimi nimesoma, sioni."

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Mahali pa maelezo nikaandika "iko wazi", nikaenda zangu kula mukeke, samaki wetu wa ziwani, wa kuchoma. Yeye akatengeneza ukurasa wa kupokelea watu kwa kutumia kipande changu hicho. Sifuri akaielewa kama mtu yeyote angeielewa: hakuna.

Siku chache baadaye shangazi akaja kutoka Gitaza, harufu ya ndagala, dagaa anaowauza, ingali kwenye kitenge. Binti yake Zaituni alipotea siku walipokimbia risasi. Nikamkalisha kwenye kiti cha wageni, nikaandika jina la Zaituni kwenye ukurasa wa Emelyne, nikabonyeza kwa madaha. Ukajibu: hakuna.

"Mutoto wangu iko?"

"Hayiko, shangazi. Hakuna kambi yenye jina lake."

"Angalia tena, mutoto wa kaka."

"Mashini haidanganyi, shangazi." Nilisema hivyo, kwa kinywa hiki!

Kesho yake akapanda boti kuvuka ziwa kwenda Congo, kumtafuta huko. Juma lilelile barabara ikafunguliwa, disketi ya majina ya kambi ya Nyanza-Lac, ile iliyokuwa sifuri, ikafika. Zaituni alikuwemo. Alikuwa huko muda wote, ee Mungu wangu!

Shangazi hakurudi. Tumeuliza Uvira, tumeuliza Baraka, miji ya ng'ambo ile, hatujapata hata mtu mmoja aliyemwona.

Zaituni naishi naye mimi. Majuzi aliniuliza mama yake aliambiwa nini siku ile. Nikamweleza yote, namba kwa namba, polepole, bila kuruka kitu. Sijawahi kutoa maelezo mazuri kama yale maishani mwangu! Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe kueleza haiko vigumu."

Ninyi mnaotengeneza vitu vya kutumiwa na wengine, mwenzako akikuuliza maana yake, mwandikie. Ukiona uvivu, njoo Rumonge umwambie Zaituni kwamba iko wazi.