Kipindi cha Matineja Kutoka Ayalandi

Nilifika Riyadh wakati ule ambao kila mtaa wa Nakuru ulikuwa na ajenti wa kupeleka watu Uarabuni. Nilikwenda kufanya kazi za nyumbani, na nilitarajia kupokewa na mwanamke wa huko. Badala yake mlango ulifunguliwa na mama mrefu mwenye madoadoa usoni na nywele za rangi ya kutu zilizochungulia chini ya mtandio. Alikuwa mzaliwa wa Ayalandi, ameolewa na daktari Msaudi, na daktari huyo ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini aliyenileta na kunishughulikia karatasi. Madam alinipokea begi mwenyewe, akaniuliza kama kwenye ndege nilipewa chakula cha kueleweka. Nimekaa na wenzangu waliofunguliwa milango ya namna nyingine kabisa, nikawasikiliza. Ndiyo maana nikikumbuka miaka ile, jambo la kwanza linalonijia ni shukrani.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka kumi na mitatu. Wangu, niliyemwacha Nakuru kwa mama yangu, shosho yake, alikuwa anakaribia umri huohuo. Tuliishi vizuri Riyadh mpaka bosi, yaani yule daktari, alipopata kazi katika hospitali moja ya Jeddah, tukahamia ghorofa ya pili ya nyumba moja katika mtaa wa Aziziya. Msichana aliacha marafiki zake wote nyuma. Alipofika Jeddah alijifungia chumbani, akawa anatoka kula na kurudi. Mama yake akimuuliza jambo anajibu, "Sijui." Mimi nilikuwa nikisikia jibu hilohilo kila Ijumaa nikipiga simu nyumbani. Umesoma? Ndiyo. Unamsaidia shosho? Ndiyo. Shuleni kukoje? Sijui. Kisha namwambia awe na adabu, tunaagana.

Siku tulipokuwa tukifungua maboksi ya kuhamia, nilikuta moja limejaa kanda za video, zile za zamani kubwa kama matofali. Nilimuuliza madam kama ni za kutupa. Aliketi sakafuni, akaichukua moja na kuipangusa vumbi kwa mkono wa gauni lake.

"Hizi ni za kazi yangu ya kwanza," alisema. "Nilifanya kazi kwenye televisheni, katika kipindi cha matineja."

Sikujua hata kama kuna kitu kama hicho. Basi alasiri zile, tukikunja nguo, akawa ananihadithia. Alipokuwa mdogo, alisema, televisheni ya kwao ilikuwa na katuni za watoto, halafu taarifa ya habari ya watu wazima, na katikati hapakuwa na kitu. Kijana alikuwa kama mtu anayesubiri kwenye korido. Ndipo wakatokea watayarishaji wachache waliotaka kipindi cha mseto, chenye kila kitu kidogo kidogo: muziki wa vijana wanaofanyia mazoezi gereji, nguo, vitabu, mitihani, chunusi, na maswali ambayo nyumbani huulizi. Na watangazaji wawe vijana wenyewe, hata kama wanakosea kosea. Kilikuwa kikirushwa moja kwa moja Jumamosi mchana. Wapo wazee waliolalamika kanisani na kwenye magazeti kwamba watoto wanafundishwa utovu wa nidhamu. Yeye wakati huo alikuwa msichana wa shule katika mji mdogo wenye mvua, akikitazama amekaa karibu na skrini kiasi cha kugombezwa.

Alipomaliza shule aliomba kazi kwenye kipindi hichohicho. Kwanza alibeba kanda na kuchemsha chai. Siku moja mtangazaji mmoja aliugua, yeye akasukumwa mbele ya kamera.

Bosi alikuwa akisikiliza haya mezani. Alhamisi iliyofuata alipitia Sharafiya, kule kwenye maduka ya simu na vyombo vya mitumba, akarudi amekumbatia deki ya zamani ya kuchezea kanda, imefungwa kamba.

"Yalla, haya basi," alisema, "nami nimwone huyo msichana niliyekuwa sijamjua bado."

Picha ilikuwa na mistari na rangi zilizofifia. Alitokea madam akiwa na miaka kama kumi na tisa hivi, nywele zimekatwa fupi kama za mvulana, hereni kubwa, amesimama na maikrofoni kwenye ngazi za jengo fulani. Alikuwa anaongea haraka kiasi kwamba sikuambulia neno. Bosi alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Mlango wa chumbani ukafunguka, msichana akasimama kwenye korido.

"Huyo ni mama?"

"Ni mimi," madam alisema. "Njoo ukae."

Akaja, akakaa kwenye zulia karibu nami.

Kuanzia hapo tulitazama kanda moja kila wikendi. Kulikuwa na sehemu moja iliyonikaa. Madam alikuwa akimsogelea kijana yeyote barabarani na kumuuliza, "Ni jambo gani wazazi wako hawalijui, nawe ungependa walijue?" Wengi walicheka, wakasema hawajui. Lakini yeye haondoki. Anasimama tu, maikrofoni mkononi, na baada ya muda kijana anaanza kusema.

Nilimuuliza kwa nini alikuwa anakaa kimya vile.

"Tulifundishwa hivyo," alisema. "Kijana akisema hajui, usimjibie na usimhimize. Mpe nafasi. Mara nyingi 'sijui' ni kama kukohoa kabla ya kuongea."

Ijumaa hiyo nilimpigia binti yangu. Sikumuuliza kuhusu masomo. Niliuliza swali la madam, kwa Kiswahili chetu. Akasema hajui. Ulimi uliniwasha, lakini nilijibana, nikanyamaza nikisikia redio ya mama yangu kwa mbali.

"Mum," akasema mwishowe, "sioni ubaoni. Nanakili kutoka kwa mwenzangu. Shosho alisema tusikuambie, utakosa usingizi huko."

Nikatuma pesa za daktari wa macho. Wiki mbili baadaye alikuwa amepimwa macho na kuvaa miwani. Lakini lililonigusa zaidi ni kwamba aliendelea kuongea. Aliniambia mwalimu gani anamwogopa, rafiki gani amemkasirikia, na kwamba hapendi ninavyomwita kwa jina la utotoni mbele ya watu. Nilimsikiliza kama mtu anayefahamiana na mgeni.

Nilipomweleza madam, msichana wake alikuwa anasikia. Akaomba aione hiyo miwani. Simu za video zilikuwa zikikatika kila mara huko, kwa hiyo binti yangu alijirekodi na kutuma. Huyu wa Jeddah akamjibu kwa kumrekodi paka aliyekuwa akilala juu ya kiyoyozi cha jirani. Hivyo ndivyo walivyoanza kipindi chao. Mmoja anatuma kutoka Aziziya, mwingine kutoka Nakuru, kwa Kiingereza chenye Kiarabu huku na Sheng kule. Madam aliwakagua kama bosi wa televisheni. "Dari tumeliona la kutosha," angesema. "Elekeza kamera kwa mtu."

Mara moja binti yangu alimhoji mama yangu. Akamuuliza alipokuwa tineja alitaka kuwa nani. Mama yangu, ambaye maisha yangu yote nimemjua kwa jembe na kanisa, aliitazama simu na kusema, "Kuendesha trekta. Niliwaambia, wakacheka, nikaacha kusema." Nilikuwa nimesimama kwenye sinki huko Jeddah, na ndipo nilipolisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Kipindi cha wasichana kilikwisha taratibu, mitihani ilipoingia na huyu wa Jeddah alipopata marafiki wa shule. Mimi nilisikitika. Madam hakusikitika. Alisema kipindi chao cha Ayalandi nacho kilihamishwa siku na saa, watangazaji wakabadilika, mpaka asubuhi moja waliitwa kwenye mkutano, wakapewa chai na kuambiwa msimu ujao hakipo.

"Ulilia?" nilimuuliza.

"Ngazini, sana. Halafu nikaona wale waliokuwa wakikitazama wameshakuwa wakubwa. Kilikuwa kimewafikisha."

Mkataba wangu ulipokwisha, familia nzima ilinisindikiza uwanja wa ndege. Bosi alinishughulikia karatasi za kutoka bila kuniyumbisha hata siku moja, akasema, "Halas, basi, nenda kwa mtoto wako, na sisi utukumbuke kwa wema." Nawakumbuka hivyo.

Binti yangu sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Yule wa Jeddah alisomea Ayalandi, kwa kina mama yake, na yeye na binti yangu bado wanaongea. Juzi alimpigia nikiwa napika. Nilimsalimia, akaniuliza habari za magoti yangu, kisha wawili hao wakaendelea na mambo yao, wakicheka vitu nisivyovijua, nami nikarudi kukoroga sufuria yangu.