Matundu ya Daraja

Mume wangu ni fundi mawe, na ugonjwa wake ni usafi. Hata banda la kuku akilijenga, lazima ukuta uwe laini. Kiangazi kilichopita alipewa kazi ya kukarabati daraja letu la mawe, lile la matao mawili lililojengwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Ubavuni mwake alikuta matundu madogo yenye nyigu na majani makavu. Akayaona ni uchakavu tu, akayaziba yote kwa saruji. Watu wakamsifu, kichwa kikamvimba. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mvua kubwa zilipoanza, asubuhi moja alirudi kutoka mtoni. Akaniambia ukuta wa daraja umetoa tumbo. Kumbe maji yanayopenya barabarani yalikuwa yakitokea kwenye matundu yale, na sasa yamejaa ndani, yanasukuma mawe. Binti yetu alikuwa njiani na lori la maziwa, akitokea ng'ambo. Tulimpigia, simu ikaita tu.

"Kimbia ukamzuie," aliniambia. "Mimi nashuka chini."

Nililivuka daraja mbio, roho mkononi. Chini yangu nilisikia tindo yake ikigonga jiwe, nikaomba pigo hilo lisiwe la mwisho. Mtu mzima mimi, nilitaka kulia kama mtoto. Lori lilipotokea kwenye kona nilisimama katikati ya barabara nikapunga kitambaa changu cha kichwa. Binti akafunga breki, akauliza baba yuko wapi. Nikamwonyesha chini. Akashuka, akanikamata mkono mpaka ukauma.

Maji ya tope yakafoka ukutani kwa kishindo. Kisha tindo ikanyamaza. Kimya kile simtakii hata adui yangu. Nilimwita kwa jina ambalo sijamwita tangu tukiwa wachumba, mbele ya mwanangu, wala sikuona haya.

Akapanda ukingo wa upande tuliosimama, kalowa chapachapa, damu ikimtoka kwenye paji la uso.

Nyuma ya lori watu walishajazana. Walisema maji yanatoka, hatari imekwisha, lori lipite upesi maziwa yasiharibike. Mmoja akaanza kumsifu tena.

"Hapiti mtu," mume wangu alisema. "Matundu haya niliyaziba mimi. Nimezibua mawili, mengine siyafikii. Mwageni maziwa."

Huyu ni mtu ambaye hajawahi kukubali hata kwamba amezidisha chumvi kwenye mboga. Watu wakarudi nyuma taratibu, na binti akageuza lori.

Tukabaki tumesimama kwenye mvua. Nyumba yetu tuliiona kule ng'ambo, mlango tumeuacha wazi. Nikamuuliza tutavuka lini. Alitazama kazi ya mikono yake, akasema hajui, akanishika nguo nisisogee.