Kuombewa Goti

Mama wa mazoezi ya viungo hospitalini Nakuru alinikataza kupiga magoti hadi maumivu ya mbele ya goti yapungue. Nilipaswa kulala chali na kuinua mguu ukiwa umenyooka, polepole, kila siku. Huku kwetu Lanet nani angeniacha? Kila nikitandika mkeka sebuleni, napigiwa hodi: kina mama wa kanisa wamekuja kuona mgonjwa. Wakinikuta sakafuni wanadhani nimezidiwa, basi naamka kuwapikia chai. Jumamosi moja nilikataa kuamka, nikaendelea kuinua mguu mbele yao. Mwenyekiti wao akanitazama kwa huruma.

“Geuka, mama, tupige magoti sote tuliombee hilo goti.”

Nikapiga. Na mwenyekiti wetu huwa haombi kwa ufupi.