Gome la Mgunga wa Mlimani

Siku moja naikumbuka kwa ulimi, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa akili. Nilitafuna kipande cha gome, mdomo ukakauka kama wa mtu aliyeuma ndizi mbichi, na papo hapo nikajua kwamba shamba letu litalimwa.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Goweko. Mimi, mtoto wa fundi viatu wa Tabora mjini, nilikuwa nimejitia kitanzi mwenyewe. Minyororo ya kukokotea plau haikupatikana madukani, nami nikasimama mkutanoni nikasema, "Nipeni ngozi za ng'ombe. Nitawatengenezea mikanda isiyokatika." Watu wakapiga makofi. Ujana huahidi kwanza, hufikiri baadaye. Mvua zilikuwa njiani, na bila mikanda tungelilima shamba lile kubwa kwa jembe la mkono. Tusingelimaliza, na njaa ingetukuta.

Kudabighi ngozi si kazi ya uganga. Unailoweka kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yatoke, unaikwangua, kisha unaizamisha kwenye maji ya magome yaliyotwangwa ili isioze. Nilichukua magome ya migunga ya bondeni, kando ya kijito, nikayatia pamoja na ngozi kwenye pipa la maji. Miti ile ilikuwa minene, imenyooka, haina hata kovu. Ama kweli, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jirani yangu alikuwa Bibi Mwanahawa, Mzaramo, kwa hiyo mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Baba yake alikuwa akishona viriba vya maji vya wapagazi. Alikuja siku ile, akaitoa ngozi moja pipani, akaukata ukingo wake kwa kisu. Katikati palikuwa peupe, pabichi kabisa; maji ya magome hayakufika. Bila hata kuniuliza akachomoa kizibo cha pipa, maji yote yakamwagika.

"Mnyamwezi, ulikuwa unapika chai?"

Niliumia, mwanangu. Ningeweza kulia. Lakini mtani hakasirikiwi, ukinuna, umeshindwa. Nikamjibu, "Mzaramo, umemwaga jasho langu. Magome mengine utayabeba wewe."

"Nitayabeba, ila si ya hiyo miti yako iliyoshiba."

Akanipandisha mlimani, kwenye mawe. Migunga ya huko ilikuwa mifupi, imepinda, jua limeiunguza na mbuzi wameitafuna miaka nenda miaka rudi. Akanipa gome la bondeni nitafune, nikaona ni la kawaida tu. Akanipa la mlimani, ulimi ukakakamaa.

"Huo ukakasi ndio unaoshika ngozi," akasema. "Mti uliokaa raha utautengeneza mwingi wa nini? Huu umeliwa, ukajifunza kuwaambia mbuzi basi."

Kwa furaha nikaanza kuubandua mgunga wote. Akanipiga kofi mkononi. "Upande mmoja! Ukiubandua pande zote mti utakufa, na mwakani utadabighi kwa mate yako."

Mjukuu wangu anayefundisha kemia ameniambia juzi kwamba vitu vya kinga vilivyo ndani ya gome huitwa fenoli, na vile vyenye ukakasi ni tanini. Anasema mti hupika sukari kwa jua, kisha ukichomwa au ukitafunwa huchukua sehemu ya sukari ile ile na kuigeuza kuwa kinga. Hiyo kinga humkera mlaji mdomoni, na katika ngozi hushikamana na nyuzi zake hata uozo ukakosa pa kuingilia. Nilifurahi sana kumsikia. Kumbe utamu na uchungu wa mti hutoka jikoni pamoja!

Basi ngozi zikalowekwa upya. Nilipozikata ukingo, zilikuwa nyekundu mpaka katikati, nami nikazichana mikanda. Mvua ya kwanza ikanyesha, kijiji kizima kikaja shambani kututazama. Ng'ombe wakavuta, plau ikanasa kwenye kisiki. Mkanda ukanyooka, ukalia, nami nikafumba macho. Mara nikasikia vigelegele. Kisiki kilikuwa kimeng'oka, mizizi juu! Watu wakanibeba begani, na Bibi Mwanahawa akapaza sauti, "Ng'ombe ndio waliovuta, Mnyamwezi ndiye anayejisifu!" Tulilima shamba lote, na mwaka ule ghala letu lilijaa mpaka mlangoni.

Mwanangu, sikuambii uitafute taabu. Mti uliobanduliwa pande zote hufa, nami nimewaona watu waliokufa hivyo. Lakini ikikufikia, usiiache ipite bure. Chukua sehemu ya utamu ulio nao, uipike iwe kinga yako, na siku moja iwashike wengine pia, kama ukakasi ulivyoishika ngozi. Na ukitafuta mtu wa kuvuta naye plau, usimkimbie mwenye makovu.

Mola akujalie jua la kutosha na mbuzi wachache. Na hao wachache wakija, wakukute gome lako limeiva.