Bitana ya Koti la Mkwe

Krrup. Ndivyo mkasi wa baba ulivyolia ulipofika mwisho wa ngozi, makali yake mawili yakikutana. Wakati huo binti yake alikuwa mtoto wa kukaa chini ya meza, na sauti ile ilimwambia kwamba kuna kipande kinaanguka, anyooshe mkono akidake. Leo kichwa kimeshaingia mvi, lakini kila akiisikia sauti hiyo, shingo hugeuka yenyewe.

Karakana ile ya makoti ya ngozi ina vyumba viwili. Cha mbele kina meza ya kukatia, kioo kirefu, na makoti yaliyotundikwa ukutani kama watu waliochoka kusubiri. Wateja huishia hapo. Cha nyuma kina dirisha moja, cherehani mbili na harufu ya gundi isiyotoka hata milango ikiachwa wazi. Huko nyuma ndiko anakokaa yeye, mshona bitana, yaani kile kitambaa cha ndani kinachogusa mwili wa mvaaji na ambacho hakuna anayekisifu. Ameishona hadi jina lake limepotelea humo. Wateja humwita Bitana, mafundi humwita Bitana. Mdogo wake, mwenye karakana, ndiye pekee anayemwita Dada, na hata yeye humwita hivyo akiwa na shida tu.

Baba yao alipochoka, mkasi alimpa mwana wa kiume. "Ngozi ni nzito, binti yangu," alisema, basi. Kwao, anayekabidhiwa meza hushonewa koti, na kumpoza binti baba alimwachia achague bitana ya koti hilo. Akachagua pamba nyekundu, nene kidogo, laini, yenye mistari ya mshazari ambayo huonekana ukiiinamisha kwenye mwanga. Kilibaki kipande cha kutosha koti moja. Alikikunja, akakilaza kwenye sanduku chini ya cherehani yake, na kipande cha sabuni juu yake ili nondo wasikikaribie. Hakumwambia mtu alikuwa akimwekea nani.

Miaka ikaenda. Mkono wa mdogo wake ukaanza kutetemeka. Kwanza kikombe cha chai, halafu chaki, halafu mkasi. Ngozi haisamehe, ukikosea umekosea, hakuna kufumua. Basi ikawa kila mchana mafundi wakienda kula, mdogo wake hufunga mlango wa mbele, na dada mtu hutoka chumba cha nyuma akakata. Krrup. Krrup. Mdogo wake husimama dirishani kuchungulia kama kuna anayekuja. Jioni wateja humpigapiga bega. "Bosi, mkono wako ni ule ule!" Naye hucheka, mkono wenyewe ukiwa mfukoni.

"Nikiacha kazi, Dada, meza ni yako," alikuwa akimwambia huku anafagia vipande kabla mafundi hawajarudi. "Nani mwingine?"

Ndiyo maana asubuhi ile mdogo wake alipoingia chumba cha nyuma na kusema, "Dada, shona koti la meza, wakati umefika," aliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka.

Fundi wa zipu alimwona akifungua sanduku huku midomo imemlegea. Huyu wanamwita Zipu, kwa sababu kinywa chake ndicho kitu pekee mle ndani kisichofungwa. "Jamani, Bitana katabasamu! Anueni nguo, mvua hiyo!"

"Nyamaza wewe, meno yatakudondoka," akamjibu, bado anatabasamu. Akachukua chaki. "Haya mdogo wangu, nitajie vipimo." Alimwuliza kwa mzaha tu. Vya kwake alivijua.

"Kifua mia na kumi," mdogo wake alisema, macho yako dirishani. "Mabega hamsini."

Chaki ikasimama. Mabega yake yeye ni membamba, kama ya mama yao. Alijaribu kumfikiria mtu wa mabega hamsini, na hakuchukua muda.

"Zipu, nenda ukanunue uzi," alisema.

"Uzi upo."

"Nenda."

Zipu alipotoka, aliuliza, "Mkwe? Mume wa binti yako?"

"Mkwe."

"Mkwe anauza simu."

"Atajifunza."

"Kwa nani?"

Mdogo wake alijikuna shingo. "Kwako. Utamwelekeza, Dada. Kama unavyonisaidia mimi. Mchana, mlango ukishafungwa."

"Uliniahidi."

"Niliahidi, sikatai. Lakini tuseme ukweli. Mteja akiingia anataka kumkuta mwanamume mezani. Wewe ni wa bitana. Na kwa bitana, mji mzima huu hakuna anayekufikia."

Alimvisha kile kilemba cha ukoka akaondoka. Yeye akabaki anakitazama kitambaa chekundu mapajani mwake, na sabuni yake inanukia kama nguo za mtoto mchanga.

Mkwe alikuja na mkewe kuchagua bitana. Binti huyo wa mdogo wake, Bitana ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, akamfunza kutunga uzi kwenye sindano. Sasa alikaa juu ya meza ya kukatia akitikisa miguu. Bitana alipanga vitambaa mbele yao: pamba nyeusi, flana ya kijivu, satini ya zambarau. Chekundu alikitoa mwisho, polepole, kwa sababu mdogo wake alisimama mlangoni akasema, "Na ile ya baba, Dada."

Alikuwa amekesha akijiandaa kukitoa. Hakuwa amejiandaa kwa kilichofuata.

"Hii nyekundu, Shangazi," mkwe alisema, akiishika kwa vidole viwili, "si imekaa kizee?"

"Ina umri mkubwa kuliko mkeo."

"Ndiyo hivyo sasa!" Binti akaangua kicheko. Mkwe akaichukua satini, akaipepea kwenye kioo. "Hii. Hii inaongea."

"Inateleza, baba. Ukifanya kazi jasho litaigandisha mgongoni."

"Nitoke jasho la nini, Shangazi? Si nitakuwa bosi?"

Wote wawili wakacheka. Alimgeukia mdogo wake. Mdogo wake alikuwa anakagua kitasa cha mlango kana kwamba ndiyo leo amekiona.

"Mpe anachotaka," alisema.

Akampa. Alitaka kuishona vibaya satini ile, mikono ikamkatalia. Akaacha kunjo mgongoni ili bitana isichanike mvaaji akinyoosha mikono. Kwapani akapitisha uzi mara mbili. Kila mshono ukakaa sawa, naye kila mshono ulimuuma.

Siku ya makabidhiano chumba cha mbele kilijaa. Wateja wa zamani walikuja, soda zikafunguliwa, simu zikainuliwa. Mkwe alilivaa koti akafunua upande mmoja, zambarau ikang'aa, watu wakapiga makofi. "Bitana gani hiyo!" mmoja alisema, na Zipu akacheka kwa kudhani anayeitwa ni Bitana wao. Mdogo wake akatandika ngozi nzima mezani, kahawia, haina kovu. Akauweka mkasi wa baba mkononi mwa mkwe.

"Kata, tuone!" wateja wakasema.

Mkwe aliushika mkasi kama anayetaka kukata kucha. Akaupeleka kwenye ngozi, akaurudisha. Akaupeleka tena. Makofi yakapungua, yakaisha.

"Bosi, mwonyeshe basi wewe mwenyewe," mteja mmoja alisema. "Mkono ule ule!"

Mkono ule ule ulikuwa mfukoni, na mfuko ulikuwa unatikisika. Mdogo wake aligeuka kutafuta mtu. Dada yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, viatu vya kutokea miguuni, kitambaa chekundu kimekunjwa kwapani.

"Dada," aliita, akijitahidi kucheka. "Hebu njoo mbele. Mwelekeze kidogo. Kata huo mstari wa kwanza tu."

Watu wote waligeuka. Tangu alipotoka chini ya meza ile, alikuwa hajawahi kutazamwa na macho mengi hivyo. Mkasi ulikuwa karibu, mkwe ameshaugeuza, mpini ukimwelekea yeye. Vidole vyake vilikunjuka vyenyewe, vikakunjana tena kwenye kitambaa.

"Dada, tafadhali."

Alimtazama mdogo wake, akautazama na ule mfuko. Akasema kwa sauti ndogo sana, waliokuwa nyuma hawakuisikia:

"Mimi ni wa bitana."