Tambi za kitimoto zilivyomzuia mama mkwe kurudi nyumbani

Wakuu, salamu kwenu nyote, hasa ninyi mnaosoma humu mkiwa kazini huku bosi anadhani mnajibu emaili.

Ninachoandika kimetokea nyumbani kwangu, na shahidi aliyekuwepo mwanzo hadi karibu na mwisho ni mtoto ambaye hajaota jino. Atakayebisha nitamwitia huyo shahidi.

Mimi ni Mtanzania, naishi Inver Grove Heights, jirani na Saint Paul, Minnesota. Kazi yangu iko Plymouth, upande wa pili kabisa wa mji, kwenye ghala. Mke wangu ni nesi. Tulipojaliwa mtoto wetu wa kwanza, Elia, mama mkwe akaja kutoka nyumbani kumlea mjukuu ili binti yake aweze kurudi kazini.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Kwa kina mke wangu, na kabila silitaji kwa sababu nawajua mlivyo humu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawali pamoja. Hawaangaliani usoni, hawapeani mikono, hawasemeshani ovyo, na mama hawezi kutia tonge mdomoni mbele ya mkwe hata njaa imuumeje. Nyumbani hilo halina tabu, maana kila mtu ana kwake, na mkikutana njiani mnajua nani apite wapi.

Sasa njoo na hiyo mila Marekani.

Nyumba zenyewe jiko na sebule havina ukuta katikati. Ngazi ya kutoka vyumbani inashukia sebuleni. Ukitaka tu maji ya kunywa, umeshamkuta mama mkwe.

Siku mke wangu yuko nyumbani mambo yanakwenda. Anapika, anakula na mama yake, mimi nabeba sahani yangu napanda juu. Siku yuko shifti napika mimi, namwachia mama chakula mezani, napanda juu vilevile.

Nikishuka nakuta chakula hakijaguswa. Mama kanywa chai na mkate.

Nikapika ugali na maharage. Chai na mkate. Nikapika wali na kuku. Chai na mkate. Nikahangaika mpaka Cedar-Riverside kwenye maduka ya watu wetu nikapata ndizi, nikazipika kwa nyama. Mama na chai yake.

Iliniuma, wakuu. Nilijiona nimedharauliwa jikoni kwangu, na mimi kupika najivunia. Huku mama anazidi kupungua, mpaka kitenge anakizungusha mara mbili ndiyo kikae.

Halafu mke wangu akaniambia, macho yamemwiva, kwamba mama anataka tiketi yake ibadilishwe aondoke mapema. Ati mjukuu ameshamwona, inatosha. Mama akiondoka, ama mke wangu aache kazi, ama Elia alelewe na watu tusiowajua.

Kazini nina rafiki anaitwa Tou, Mhmong. Kwa msiowajua, Wahmong ni watu wenye asili ya milima ya Laos, na Saint Paul wako wengi hadi wana masoko yao. Nikamweleza kwamba nina mama ndani ya nyumba hali chakula changu. Tou akasema bibi yake ni mkorofi kuliko bibi yeyote, lakini ukimwekea tambi za nguruwe anatulia.

Akanielekeza, na kwa kweli ni chakula rahisi. Kitimoto ya kusaga, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili, soya sosi, sukari kijiko kimoja, kabichi, tambi. Ndugu zangu msiogusa mdudu, tumieni kuku, mtanishukuru.

Jumamosi ikafika. Theluji inaanguka, mke wangu kazini, mimi off. Mama alikuwa amegeuza kiti chake kinatazama dirishani, mgongo kwangu, Elia amempakata. Nikaingia jikoni.

Tou alikuwa amenisisitizia nyama iende moja kwa moja kwenye mafuta ya moto. Lakini mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo kitimoto haikutani na mafuta kabla ya kuchemshwa na limau na chumvi. Mkono ukaenda wenyewe. Nikakamua limau, nikajaza maji, nikafunika. Nyama ya kusaga hiyo, wakuu.

Ikatoa povu la kijivu, nami nikazidi kuongeza moto.

Ndipo nikasikia sauti kutoka dirishani.

"Elia, mwambie baba yako, hiyo nyama ya kusaga anaichemsha mpaka lini?"

Nikabaki nimeshika mwiko. Tangu afike, mama hakuwahi kusema neno lolote lililonihusu nikiwa nasikia. Elia mwenyewe alikuwa ananyonya ngumi.

"Elia, mwambie bibi nataka iive."

"Mwambie imeiva zamani. Amwage maji, aiache ikauke, ndipo aweke mafuta."

Hakugeuka hata kidogo. Alikuwa anapika kwa pua na masikio. Nikafanya alivyosema, na nyama iliyokuwa imekufa ikaanza kubadilika rangi. Nikatia vitunguu saumu na tangawizi, nyumba nzima ikanukia. Nikatia soya sosi, kisha nikafungua kopo la sukari. Mlio wa lile kopo mama anaujua vizuri kwa sababu ya chai zake.

"Elia, baba yako anatia sukari kwenye nyama?"

"Mwambie bibi ni kijiko kimoja tu. Wenyewe ndivyo wanavyopika."

Nikasikia pua inavuta harufu.

"Mwambie sawa. Ila aongeze pilipili."

Nikaongeza. Nikatupia kabichi, nikachanganya na tambi, nikapakua mabakuli mawili. Safari hii nikaona kupanda juu hakutoshi, kwa sababu naweza kushuka wakati wowote na yeye anajua. Nikavaa koti, nikaenda kukaa kwenye gari, ndani ya gereji. Mlango nikaubamiza makusudi, asikie kwamba nimetoka.

Bakuli langu nikalisahau mezani.

Gereji ilikuwa baridi ya kung'ata masikio. Gari huwezi kuliwasha humo ndani, moshi unaua. Nikakaa nimekumbatia mikono, najiambia akila hata nusu bakuli leo nimeshinda.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Mama kasimama kizingitini, Elia sasa yuko mgongoni kwa kitenge. Macho kayaelekeza kwenye tairi la gari.

"Elia, mwambie baba yako..."

Akatikisa mgongo kidogo. Elia alikuwa amelala fofofo.

Tukabaki wawili, na wa kumtuma hayupo.

"Baba Elia," akasema, bado anaongea na tairi. "Ingia ndani. Umeacha bakuli lako."

"Mama, nilitaka ule kwanza kwa nafasi."

"Nitakulaje mimi, na mwenye nyumba yuko kwenye baridi kwa ajili yangu? Kila siku nakuona unapanda na sahani yako. Nimemfukuza mtoto wa watu mezani kwake. Ndiyo maana nikasema nirudi kwetu."

Wakuu, nilijisikia aibu na furaha kwa pamoja. Kumbe mimi nilikuwa najificha kwa heshima, na yeye alikuwa anashinda njaa kwa heshima hiyohiyo. Hakuna aliyekuwa amemdharau mwenzake.

Tukaingia. Mama akarudi kwenye kiti chake cha dirishani, mgongo kwangu, bakuli mapajani. Mimi nikakaa mezani, mgongo kwake. Mila haikuvunjwa, ilipangiwa viti tu. Nikasikia uma unagonga bakuli, mara moja, mara nyingine, kisha mfululizo. Nilikuwa nakula lakini sikumbuki ladha ya chakula changu, nilikuwa nasikiliza cha mwenzangu.

Nikasikia ananiita tena. Nilipogeuka nikaona mkono wake umenyooshwa nyuma, bila yeye kugeuka, umeshika bakuli tupu.

"Zimebaki?"

Nikamjazia.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni na mabuti yake ya theluji, anatuangalia tulivyopeana migongo tunakula. Hakuuliza kitu. Mama ndiye aliyemwambia, mdomo umejaa tambi, "Ile tiketi iacheni kama ilivyo."

Mke wangu akakaa chini palepale na mabuti yake akaanza kulia, na mimi machozi yalinitoka, sitawadanganya kwamba ni pilipili.

Nilichojifunza: mtu asipokula chakula chako, usikimbilie kulaumu chumvi. Muulize, na kama huruhusiwi kumuuliza, tafuta mtoto.

Wenzangu mnaoishi na wakwe nyumba moja, kwenu nani alianza kumsemesha mwenzake, na alisema nini?